Na Sisi Tuwasome

Kitabu kinene kuliko vyote nilivyowahi kushika kuhusu wamachinga wa Mwanza kimeandikwa kwa Kijapani. Mwandishi wake, Sayaka Ogawa, alianza kuja Mwanza mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Alijifunza Kiswahili cha mitaani, akauza mitumba pamoja na vijana aliokuja kuwachunguza, akaandika kwa kina kuhusu mali kauli, ule utaratibu wa tajiri kumpa kijana mzigo bila karatasi wala dhamana, wakielewana kwa mdomo tu kwamba hesabu italetwa baadaye. Kitabu kilitoka mwaka 2011, kikapata tuzo ya Suntory, mojawapo ya tuzo zinazoheshimiwa sana na wasomi wa Japani. Leo yeye ni profesa katika Chuo Kikuu cha Ritsumeikan, mjini Kyoto.

Mimi nilizaliwa Pasiansi, Mwanza. Mama yangu aliuza mitumba katika soko la Mlango Mmoja, na vijana waliochukua mzigo kwake kwa mali kauli walikula ugali nyumbani kwetu. Nilipokiona kitabu hicho katika duka la vitabu la Kyoto, jina la mji wangu likiwa limeandikwa kwa herufi za kwao, nilipata furaha na wivu kwa pamoja. Furaha, kwa kuwa maisha ya watu ambao kwetu hufukuzwa barabarani yalikuwa yamechukuliwa kwa uzito unaostahili. Wivu, kwa kuwa sikuweza kumtaja Mtanzania hata mmoja aliyekaa Kyoto miaka mingi namna hiyo, akauza mbogamboga na wachuuzi wa huko, kisha akarudi kutuandikia kwa Kiswahili jinsi Wajapani wanavyoishi na wanavyofikiri.

Wenzetu wana mazoea ya muda mrefu ya kuja na kukaa. Mwaka 1961 wanasayansi wa Kyoto, miongoni mwao Kinji Imanishi na Junichiro Itani, walianza kuwatafuta sokwe mashariki mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1965 Toshisada Nishida akaweka kambi Kasoge, chini ya milima ya Mahale, na kazi aliyoianza pale ilichangia sana eneo lile kutangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Osaka wanasomesha Kiswahili kama somo kuu la shahada. Redio Japani inatangaza kwa lugha yetu tangu miaka ya 1960. Na sisi tunakwenda Japani, tena kwa bidii: wahandisi, madaktari, wataalamu wa umwagiliaji. Tunarudi na ujuzi, na nchi inaufaidi. Ila tunakwenda kuchukua ufundi, hatuendi kuwasoma watu wenyewe, picha zao, bustani zao, maigizo yao, vitambaa vyao. Ninaamini kwamba ushirikiano wa vyuo vikuu unaanza pale tu ambapo kila upande una maswali yake ya kuuliza. Niliyoyapitia mimi ni madogo, lakini yamenifikisha kwenye imani hiyo, kwa hiyo nayasimulia.

Pasiansi ya utoto wangu ilijulikana kwa barabara ya uwanja wa ndege na kwa chuo cha wanyamapori, kilichoanzishwa mwaka 1966. Alfajiri tuliamshwa na mchakamchaka wa wanachuo. Ukishuka nyuma ya nyumba kupita katikati ya mawe makubwa ulifika ziwani, na huko kulikuwa na dagaa walioanikwa, nyavu zilizokuwa zikishonwa, na akina mama wenye makarai wakisubiri mitumbwi. Mtoto wa pale alijua bei ya sato kabla hajajua jedwali la kuzidisha.

Jedwali tulifundishwa upya sekondari na kijana wa Kijapani, mmoja wa wale wa kujitolea ambao nchi yao imekuwa ikiwaleta Tanzania tangu mwaka 1967. Tulimwita Mwalimu. Mama, ambaye aliona kijana amekonda na yuko mbali na kwao, alimwita mwanangu, na kila alipopita mbele ya nyumba aliulizwa kama amekula. Jumamosi moja alishuka mwaloni, akanunua sato mkubwa kwa mvuvi, kisha akaomba chumvi. Sisi wanafunzi wake tulimzunguka tukidhani anataka kumkausha samaki. Yeye akamsugua kwa chumvi mpaka utelezi wote ukatoka, akamwosha, akamfuta taratibu kwa kitambaa, akaziba matamvua kwa karatasi iliyofinyangwa ili maji yasivuje. Akayatandaza mapezi, akayashikilia kwa pini juu ya kipande cha boksi. Halafu akatoa wino mweusi na brashi, akampaka samaki kuanzia kichwani kwenda mkiani, akapaka tena kwa kurudi nyuma ili wino uingie chini ya kila gamba. Akamfunika kwa karatasi laini, akaanza kuibonyeza kwa ncha za vidole.

Mama mmoja aliyekuwa akiparua samaki jirani yetu aliweka kisu chini, akaja kuangalia.

"Mwalimu, huyo samaki bado analiwa?"

"Analiwa, mama. Namwosha tu."

Karatasi ilipobanduliwa, sato alikuwa pale mzima: magamba, mistari ya mapezi, hata kovu la wavu ubavuni. Mahali pa jicho palibaki peupe. Mwalimu akachukua brashi nyembamba, akalichora jicho kwa mkono, akaandika tarehe na jina la mvuvi. Sanaa hiyo kwao inaitwa gyotaku. Picha ya zamani kuliko zote za aina hiyo zilizobaki ni ya mwaka 1839, ya samaki wa maji baridi kama sato wetu, na inatunzwa Tsuruoka, kaskazini mwa Japani, katika eneo lililokuwa likiitwa Shonai, ambako uvuvi wa ndoana ulihimizwa hata kwa samurai kama sehemu ya mazoezi yao. Mvuvi aliyepata samaki wa kujivunia alimchapa kwenye karatasi, na kipimo chake kikabaki bila ubishi.

Jioni tulimla yule sato. Lakini mimi nilikuwa nimebadilika kidogo. Nilikuwa nimekula sato maisha yangu yote, nimewaparua kwa mamia, na siku ile ndipo nilipoona kwamba magamba yake hupangwa kwa mpango, kwamba mwiba wa kwanza wa pezi la mgongoni ni mfupi kuliko unaoufuata. Mgeni alikuwa amenionyesha samaki wangu. Na yule mvuvi, mzee mkali ambaye hakuwahi kutusalimu sisi watoto, aliomba apewe ile karatasi yenye jina lake, akaibandika ndani kwake.

Nilisomea ualimu, nikafundisha Kiswahili na Sanaa. Wanaofundisha Sanaa katika sekondari zetu wanajijua. Ni wachache, vifaa hakuna, na wazazi huuliza mtoto atakula nini akisoma kuchora. Nilitumia wino wa masizi na karatasi za magazeti ya zamani, na mara kwa mara samaki. Baadaye nikaona tangazo la ubalozi kuhusu ufadhili wa serikali ya Japani kwa walimu walio kazini: mwaka mmoja na nusu katika chuo kikuu cha ualimu, miezi ya mwanzo ikiwa ya lugha. Nikaomba, nikapata, nikapelekwa Kyoto.

Lugha ilinitoa jasho, na sitaisimulia zaidi ya hapo. Nilipoanza kusoma japo kwa kusuasua, mwalimu wangu, ambaye naye kama walimu wote wa huko tulimwita Sensei, alinipeleka Ritsumeikan, katika kampasi ya Kinugasa, kaskazini magharibi mwa mji. Chuo hicho kina Kituo cha Utafiti wa Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1998. Kazi yake kubwa ni kupiga picha sanaa za zamani za Japani, hasa picha za kuchapa kwa vibao zinazoitwa ukiyo-e na vitabu vya kale, na kuziweka katika hazina ya kidijitali ambayo mtafiti wa nchi yoyote anaweza kuifungua. Picha hizo zilitoka Japani kwa maelfu katika karne ya 19 na leo zimetapakaa kwenye makumbusho za Ulaya na Marekani. Kituo hakikungoja zirudi. Kinatuma walimu na wanafunzi wake huko ziliko, wanapiga picha, mwenye mali anabaki na nakala, na wao wanabaki na nakala. Wizara ya elimu ya nchi yao inakitambua kama kituo cha watafiti wa vyuo vingine pia, si cha Ritsumeikan peke yake.

Niliwaona vijana wakiwa kazini. Karatasi moja ya miaka karibu mia mbili iliwekwa mezani, kadi ya rangi kando yake, taa mbili za mwanga wa upole kutoka pande mbili. Mmoja alisoma namba, mwenzake akaijaza kwenye orodha, wa tatu akapiga picha, karatasi ikageuzwa, mgongo wake nao ukapigwa. Hakuna aliyeharakishwa. Ni kazi ambayo vijana wangu wa kidato cha nne wangeweza kuijifunza, na vifaa vyake havigharimu zaidi ya gari moja la mkurugenzi.

Nilipopewa nafasi ya kutafuta chochote kwenye hazina ile, nilitafuta samaki, kwa kuwa ndicho nilichokijua. Wakatokea samaki wa Hiroshige. Msanii huyo, aliyeishi kati ya mwaka 1797 na 1858, anajulikana duniani kwa mvua zake na barabara zake, lakini alichora pia mfululizo wa samaki, kila mmoja akiwa na mashairi ya washairi wa Edo (Tokyo ya leo) pembeni, maana kundi la washairi ndilo lililoagiza kazi ya kwanza. Niliwatazama kwa jicho la mtu wa mwaloni. Niliwaona samaki waliovuliwa muda si mrefu, mboni bado zina mng'ao, na nikajua kwamba mchoraji alikwenda sokoni asubuhi na mapema.

Sensei alinieleza kwamba jina la Hiroshige limesimama badala ya majina mengi. Mchapishaji alitoa fedha na wazo, mchoraji alichora kwenye karatasi nyembamba, mchongaji akaibandika karatasi hiyo juu ya ubao wa mcheri na kuchonga, kibao kimoja kwa kila rangi, na mchapaji akapaka rangi na kusugua karatasi kwa kifaa cha mviringo kilichofungwa jani la mwanzi. Alama ndogo za pembeni zilihakikisha rangi zote zinakaa mahali pake. Hata ile buluu nzito ya msanii mwenzake Hokusai, iliyolitangaza wimbi lake dunia nzima kwenye miaka ya 1830, ilikuwa rangi iliyotoka Ulaya. Picha hizo hazikuwa mali ya wafalme. Mtu wa kawaida wa mjini aliweza kuinunua moja kwa bei iliyokaribia ya bakuli la tambi.

Kutoka kampasi ile unatembea kidogo tu kufika hekalu la Ryoan-ji. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoelewa nimekwenda Japani kufanya nini.

Ryoan-ji ina bustani isiyo na maua. Ni uwanja wa changarawe nyeupe iliyochanwa kwa reki, na juu yake mawe 15 yamepangwa kwa mafungu. Watu huketi barazani wakitazama, na inasemekana popote utakapoketi huwezi kuyaona yote 15 kwa mara moja. Moja hujificha nyuma ya jingine. Vitabu vilivyoandikwa kuhusu maana ya mawe hayo vinaweza kujaza chumba. Wengine wanaona visiwa baharini, wengine chui milia na watoto wake wakivuka mto, wengine utupu wa Zen.

Mimi ni mtoto wa mji wa mawe. Mwanza yote imesimama juu ya miamba, na ndani ya ziwa kuna jiwe la Bismarck ambalo kila mgeni hulipiga picha. Nimecheza juu ya mawe, nimeanika nguo juu ya mawe, nimewaona akina mama wakiwasha moto juu ya mwamba ili upasuke, kisha wakikaa chini ya turubai na nyundo wakiuponda kuwa kokoto, ndoo kwa ndoo, mtoto mgongoni. Kwa hiyo nilipoketi pale barazani swali langu halikuwa mawe haya yana maana gani. Nilimuuliza Sensei nani aliyeyabeba.

Alinyamaza kidogo, halafu akaniambia kwamba hilo si swali ambalo wageni humuuliza. Mbunifu wa bustani hiyo hajulikani kwa uhakika. Lakini nyuma ya jiwe moja, mahali ambapo mtazamaji wa barazani haoni, yamechongwa majina mawili, na moja linasomeka Kotaro. Wengi wanaamini ni majina ya mafundi. Enzi zile kazi ya kubeba mawe na kutengeneza bustani ilifanywa sana na watu waliodharauliwa, walioitwa watu wa kandokando ya mto, waliotengwa kwa sababu ya kazi zao za ngozi na mizoga na udongo. Baadhi yao walipanda mpaka wakawa mabingwa wanaotafutwa na watawala, mfano ni Zen'ami wa karne ya 15. Sanaa ambayo leo dunia huisafiria kwa ndege iliinuliwa na mikono ambayo watu wa heshima hawakutaka kuigusa.

Tulitoka pale tukiongea mpaka kituo cha basi, na wiki iliyofuata Sensei akaniletea makala tatu kuhusu watu wale. Akaniambia niandike kazi yangu ya mwisho juu yao, nikiwalinganisha na wavunja kokoto wa Mwanza. Niliiandika kwa Kijapani kibovu, ikasahihishwa kwa kalamu nyekundu kila mstari, lakini alinitetea mbele ya wenzake kwa sababu swali lilikuwa langu. Msomi kutoka Paris au New York asingelileta. Akina mama wa kokoto wa Mwanza ndio walionipa.

Tangu hapo niliachana na woga wa kujiona mwanafunzi aliyechelewa. Nikaona kwamba mtu wa ukanda wa Ziwa anayo maswali mengi ambayo Japani inayahitaji. Chukua karatasi yao, washi. Hutengenezwa kwa gome la mti uitwao kozo: matawi yanachemshwa kwa mvuke, gome linachunwa, linapikwa kwa maji ya majivu, linapondwa kwa nyundo mpaka nyuzi zilegee. Uchumi wa vijiji kadhaa umejengwa juu ya gome hilo, na mwaka 2014 ufundi huo uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Sasa vuka ziwa uende Buganda, au panda meli uende Bukoba kwa Wahaya, ukaulize kuhusu lubugo. Gome la mti uitwao mutuba linachunwa, linapitishwa kwenye moto au mvuke, linapondwa kwa nyundo zenye mifereji mpaka linatanuka na kuwa nguo. Nguo hiyo ya Waganda ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005, miaka tisa kabla. Mafundi hawa wawili hawajawahi kukutanishwa katika karakana moja kwa kadiri ninavyojua, na nina hakika wangeelewana kwa mikono kabla mkalimani hajafungua mdomo.

Au chukua kanga. Bibi yangu, mkulima wa pamba huko Magu, alikuwa na sanduku la bati, na ndani yake kanga ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzivaa. Pembeni mwa mbili kati ya hizo kuna maandishi madogo kwamba zimetengenezwa Japani. Nilipokuwa mtoto sikuyajali. Nikiwa Kyoto niliyasomea. Kampuni ya meli ya Osaka ilifungua njia ya Afrika Mashariki mwaka 1926, na viwanda vya Osaka vilikuwa na njaa ya pamba. Pamba ya Uganda ilikwenda huko kwa wingi. Meli zilizobeba marobota zilirudi na vitambaa. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 kanga nyingi zilizofungwa viunoni kuanzia Lamu hadi Mwanza zilichapwa Japani, na kampuni kama Nishizawa ya Osaka ilikuwa maarufu katika biashara hiyo. Wafanyabiashara wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam walipeleka mapambo na maneno, na mafundi wasiojua hata neno moja la Kiswahili wakayachonga na kuyachapa herufi kwa herufi.

Fikiria kazi hiyo. Mtu ameinama juu ya fumbo la wake wenza wa Pwani, analichapa kwa uangalifu uleule wa wale waliochonga mashairi pembeni mwa samaki wa Hiroshige, na hajui litakapovaliwa litagombanisha nyumba ipi. Historia hiyo nusu iko Japani, kwenye vitabu vya sampuli na hesabu za makampuni. Nusu iko kwenye masanduku ya bibi zetu na vichwani mwa akina mama wanaokumbuka kanga fulani ilitoka mwaka gani na ilisema nini. Profesa wa Osaka hawezi kuimaliza peke yake, na mimi siwezi. Hapa chuo kikuu kinahitaji chuo kikuu kingine kwa lazima, wala si kwa adabu ya kidiplomasia.

Nilichokionea uchungu zaidi nikiwa huko ni jinsi walivyojipanga kuwatunza wazee wao wa sanaa. Januari 1949 moto uliunguza michoro ya ukutani ya hekalu la kale la Horyu-ji. Taifa lilishtuka, likatunga sheria ya kulinda mali za utamaduni mwaka 1950, na sheria hiyo ikatambua hata ujuzi usioshikika. Fundi bingwa wa kusuka, kufinyanga au kuigiza anaweza kutangazwa hazina hai ya taifa na kulipwa posho ya yeni milioni mbili kwa mwaka ili afundishe wengine. Wakati huohuo, kwetu, Bujora pale Kisesa, makumbusho ya Wasukuma iliyoasisiwa na Padri David Clement imebeba karibu peke yake mzigo wa kuhifadhi ngoma, vifaa na kumbukumbu za Bagika na Bagalu, zile jamii mbili za wachezaji zilizoshindana kwa vizazi. Wazee wanaojua dawa, nyimbo na hatua za bugobogobo wanazikwa na ujuzi wao, na tunawaandikia wasifu mzuri siku ya mazishi.

Ndiyo maana nikisikia mkataba wa ushirikiano umetiwa saini, naangalia kwanza umeandika nini kuhusu watu. Chuo Kikuu cha Dodoma kimefundisha Kijapani, Kenyatta nchini Kenya kadhalika, na hiyo ni hatua muhimu, maana bila lugha kila kitu utaletewa kimeshatafunwa. Lakini lugha ikiishia kwenye kazi za hoteli na makampuni tutakuwa tumefungua mlango tukabaki kizingitini. Nataka shahada ambamo kijana wa Mwanza anasomea maigizo ya kabuki, au historia ya Osaka, na anaandika tasnifu yake kwa Kiswahili. Nataka mwalimu wa kwetu anayelipwa mshahara kuifanya kazi hiyo baada ya ufadhili kwisha, kwa sababu nimeshuhudia miradi inayokufa siku ileile mgeni anapopanda ndege.

Na Japani nayo inatuhitaji. Agosti 2025, wakati wa mkutano wa tisa wa Japani na Afrika, TICAD, kule Yokohama, shirika la ushirikiano la Japani, JICA, liliitangaza miji minne ya Japani kuwa maskani ya urafiki na nchi nne za Afrika. Nagai, mji wa mkoa wa Yamagata uliokuwa mwenyeji wa wanamichezo wetu kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo, ulipewa Tanzania. Uvumi ukaenea kwamba miji hiyo imegawiwa Waafrika wahamie, simu za hasira zikamiminika, na mwezi uliofuata mpango ukafutwa. Niliumia, kwa kuwa ninawajua watu wa huko, na ninajua wamesikia habari zetu kutoka kwa nani: mara nyingi si kutoka kwetu. Nikiwa Japani, mzee mmoja aliyenisikia nikisema ninatoka Tanzania aliniamkia kwa jina la Juma Ikangaa, akakumbuka jinsi alivyokimbizana na Mjapani Seko katika marathon ya Fukuoka mwaka 1983. Mwanariadha mmoja alituwekea akiba ya heshima ya miaka arobaini. Wasomi wetu wangetuwekea ya muda mrefu zaidi.

Kwa sasa tunafanya tunachoweza. Jumamosi wanafunzi wangu na mimi huweka meza chini ya mwembe hapa Pasiansi, tunatandika shuka jeupe, na akina mama wa Kitangiri, Kirumba na Bwiru wanaleta kanga zao za zamani. Tuna kadi ya rangi, simu yenye kamera nzuri, na daftari. Mmoja anasoma maandishi, mwingine anaandika, wa tatu anapiga picha mbele na nyuma, wa nne anamrekodi mwenye kanga akieleza ilinunuliwa na nani na aliivaa wapi. Kanga hairuhusiwi kubaki kwetu hata usiku mmoja. Mama mmoja wa Kirumba ametuletea doti ambayo haijawahi kuchanwa, yenye buluu nzito na namba ndogo ya Kijapani kwenye pindo. Tumeiandika namba hiyo kwenye barua iliyokwenda Osaka, kwa Kiswahili na kwa Kijapani, kuomba waitafute kwenye vitabu vyao vya sampuli. Katika barua hiyohiyo tumeuliza kama wanaye mwanafunzi wa kuja kukaa nasi, na kama wana kitanda na dawati kwa mmoja wa kwetu, msichana wa Igombe anayesoma herufi za kanji kwa tochi ya simu na anayetaka kujua mchongaji wa doti ile alikuwa nani.